Risala ya klabu ya afya kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha nne

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu mganga mkuu wa wilaya, mkuu wa shule, walimu na wazazi wetu, shikamooni. Karibu sana mama, na pole na vumbi la hiyo barabara.

Sisi klabu ya afya tuna boksi la chaki tumelitoboa juu, mtu anaandika swali bila jina anatumbukiza. Mwanzoni yalikuwa maswali ya chunusi chunusi tu. Siku hizi mama! "Ukiruka kamba baada ya tendo si mimba haishiki?" "Kuna bibi anatoa kwa dawa za kienyeji, eti haiumi?" Hilo la pili tulilipeleka kwa mwalimu akasema hayo mtayajua mbele ya safari, sasa mbele wapi na sisi ndo tunamaliza.

Sheria tunaijua, Kanuni ya Adhabu inasema anayemtoa mtu mimba ni jela hadi miaka 14 na anayejitoa mwenyewe hadi 7, labda iwe daktari anaokoa maisha ya mama. Hatujaja kubishana na sheria. Ila ule utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kubeba mimba, kwahiyo tunaongelea madawati haya haya tunayokalia.

Na wengi humu hawajui kwamba toka Novemba 2021 aliyepata mimba anaruhusiwa kurudi shule, wanadhani bado ukigundulika ndo basi tena, ndo maana wanakimbilia kwa bibi. Hawajui kwamba aliyebakwa awahi kituo cha afya ndani ya saa 72. Hawajui kwamba mimba ikiharibika, hata kama mtu kaiharibu mwenyewe, hospitali wanatakiwa wamtibu, anakaa amejifungia bwenini anabadilisha kanga hadi anazimia. Tulishambeba mwenzetu mmoja usiku kwa bodaboda, katikati yetu wawili, kanga imelowa. Alipona.

Ombi letu ni nesi tu, aje mara moja kwa mwezi, walimu watusamehe wabaki nje, na wavulana waingie wote hata wale wa kucheka cheka nyuma maana mimba hazijileti.

Boksi lenyewe hili hapa mezani mama, lina karatasi 19 hatujaweza kuzijibu. Tunakukabidhi.

Naomba kuwasilisha.