Kwani tunakula bure?

Shoga yangu,

Mambo? Natumaini mmeamka salama wewe na watoto. Mimi mzima ila tangu Jumamosi kuna kitu kimenikaa rohoni, sikutaka kukuambia mbele za watu ndo maana nakuandikia.

Ni yule kijana aliyetuhudumia pale Mikocheni. Alikuja akasema karibuni dada zangu, hukumuitikia, ukaendelea kuchati, alafu chakula kilivyochelewa ukamsonya na kumpigia vidole kama mtu anaita paka. Nilivyokugusa ukanambia "kwani tunakula bure?" Hapo ndo niliumia. Hela tuliyotoa ni ya wali na samaki, na ile VAT ni ya serikali, hatukulipia kumsonya mtoto wa watu.

Unajua mimi baada ya form four niliuza chipsi Msamvu, Moro. Basi la Mbeya likisimama dereva anasema dakika kumi, hapohapo watu wachimbe dawa na chakula wapate, basi wanashuka wote kwa pamoja wamenyoosha noti, we dada nipe, we dada mimi kwanza, mwingine anairusha hela mezani inaangukia kwenye mafuta uiokote mwenyewe. Naelewa walikuwa na haraka, lakini katika haraka hiyohiyo walikuwepo waliosema "naomba chipsi kavu mdogo wangu" na basi halikuwaacha. Jioni miguu ilikuwa inawaka moto, ila kilichokuwa kinaniliza usiku sio miguu.

Na wewe sio mtu wa hivyo, ndo kinachonichanganya. Kwa yule mama ntilie wa karibu na kazini kwenu, sahani elfu mbili, unaanza na shikamoo, unamuulizia wajukuu, hata wali ukiungua unakula kimya. Mbona tukiingia penye kiyoyozi na menyu unabadilika? Bei ikipanda ndo heshima inashuka? Sisemi akikosea unyamaze, samaki akija amepoa mwambie akampashe, haki yako kabisa, ila mwambie kama unavyomwambia mdogo wako.

Jumamosi hii ukipata nafasi twende tena palepale, nalipa mimi. Akisema karibuni we muitikie tu.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu.

Ni mimi shoga yako