Mama kazidi

Shoga yangu Nasra, assalam aleikum,

Hujambo, shemeji hajambo, watoto je? Sie wazima alhamdulillah, na safari hii nasema wazima kwa moyo kabisa, maana wiki mbili hizi tumepita pagumu na ndo sababu ya kimya changu, usinikasirikie.

Ni mama. Saa hizi yupo nyumbani Tanga, Makorora, anakunywa uji na analalamika hauna sukari, kwa hiyo usishtuke, soma taratibu.

Jumatano ile saa nne usiku Hemedi kanitumia meseji, "Mama kazidi njoo". Basi. Mi niko Dar, nimetoka kazini nimechoka, na wiki nzima Hemedi alikuwa ananipigia kulalamika mama hasikii, anatoka juani kwenda kuuza maandazi yake na mguu umevimba, akiambiwa apumzike anagomba. Sasa we ungesomaje? Mi nilisoma kazidi ubishi. Nkajibu "mvumilie ndo mama yetu huyo", nikaweka simu chaji nikalala. Nililala Nasra! Asubuhi nakuta amepiga mara kumi na moja. Alitaka kuandika kazidiwa. Ile "wa" ya mwisho haikuandikwa, na mi nikalala usingizi mama yuko hospitali sukari imepanda hajitambui.

Nikapanda basi, Chalinze, Segera, Muheza, njia nzima neno lenyewe linanizunguka kichwani. Maana ukimwambia mtu "umezidi" umemgombeza, yeye ndo mkosa. Ukisema "umezidiwa" unamuonea huruma, kuna kitu kimemshinda nguvu. Na wala hatukitaji hicho kitu, ushaona? Tunasema tu mgonjwa kazidiwa, kila mtu anaelewa, hata nesi pale mlangoni kaniuliza hivohivo, "amezidiwa tangu saa ngapi?" na mi sikuwa na jibu la kumpa.

Siku tatu nimekaa pale pembeni ya kitanda, dripu inadondoka, nikakumbuka chuoni, madrasa, tulivyokuwa tunaimba Rabbi zidni ilma, ile ya Sura Taha aya ya 114, Mola wangu nizidishie elimu. Tunaimba tunatikisa vichwa, akili iko kwenye ubuyu. Hiyo zidni ndo zidi yetu hii hii! Imetoka kwa Waarabu, kwenye zada, yazidu, ikaja na ukoo wake mzima: zaidi, ziada, hata jina la ba'mdogo Zaidi, na Yazidi wa pale Chuda. Mama alishaniambia Zaidi ni jina kubwa, Zaid bin Haritha ndo sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani. (Zaituni hayumo, yule ni wa mti wa mzeituni, usije ukamwambia ni ukoo mmoja akakubali.)

Lakini kwa Waarabu asili yake ni kuongezeka tu, kheri au shari. Sisi ndo tumeigeuza ikawa na kipimo ndani yake, kuna mstari na umeuvuka. Chumvi imezidi, kelele zimezidi, maji yamezidi unga. Afu hapohapo mtoto shuleni anafundishwa kuzidisha, mbili mara tatu, na majirani zetu wakristo wanaombeana "uzidi kubarikiwa", hapo haina ubaya wowote.

Ongeza haiko hivyo. Hiyo ni ya kwetu ya kibantu, Waganda wanasema okwongera, Wakikuyu kuongerera, na yule dada wa Kinyarwanda niliyepanga naye nyumba moja alikuwa kila asiposikia vizuri anasema "ongera", yaani rudia. Ongeza ni ya mkono mwema. Mama akikuhesabia maandazi kumi lazima aweke moja la nyongeza juu, na humsikii mtu anagombana kwa kusema "we umeongeza". Hemedi angeniandikia "ugonjwa umeongezeka" ningekuwa stendi usiku uleule. Sikumlaumu lakini, mkono ulikuwa unamtetemeka mtoto wa watu, kambeba mama peke yake mpaka kwenye bajaji. Mi ndo ningepiga simu kuuliza. Hapo ndo pananirudia kila nikilala, kwa nini sikupiga, dakika moja tu.

Siku ya nne mama kafumbua macho vizuri, kaniona, neno la kwanza kauliza maandazi nani anauza. La pili, akanisomea ile ya Sura Ibrahim, mkishukuru nitakuzidishieni. Nililia mpaka nesi akanipa kiti.

Sasa nyumbani nimeweka sheria, jambo la mama halitumwi kwa meseji, unapiga. Bi Mwanaisha naye kaambiwa.

Haya nijibu na we. Hivi huko Maskati wazee wetu wa Unguja mgonjwa wanasema kazidiwa au wana neno jingine? Na ule mnada wa mbuzi wa Ijumaa kule Nizwa ulionisimulia, si ulisema wanauita mazad? Nahisi ni zada hiyohiyo, wao wanaangalia bei inavyopanda, sisi tumechukua neno la kunadi, la kuita watu, hebu muulize baba mkwe wako. Vile vijiti vya mashine ya kupimia sukari huko bei gani, na mtu gani anakuja kabla ya Ramadhani? Mguu wako je, bado? Na mama anauliza we mtoto mbona humtumii sauti yako siku hizi, umrekodie lini?

Mwanahamisi