Nakutumia kimoja, si sita

Mdogo wangu mpendwa,

Ile sauti uliyonirekodia usiku wa manane nimeisikiliza mara tatu. Unasema ukishamfokea mwanao unajifungia chooni na kulia, halafu mwishoni unaniomba nikutumie "vile vitabu vyako vya kujisaidia mwenyewe, vya hasira na malezi, vyote." Sikutumii vyote. Nakutumia kimoja, na penseli iko ndani.

Mwaka wangu wa kwanza huku, mwanangu akiwa na miaka mitatu, nilinunua sita. Nilivisoma kitandani kama riwaya, huku natikisa kichwa na kupigia mistari. Nikimaliza kimoja najiona nimepona. Asubuhi mtoto akigoma kuvaa viatu, nalipuka vilevile. Nilikuwa nimeshajua kila kitu kuhusu hasira, na hasira yangu iko palepale. Nilichokuwa naruka ni zile kurasa zenye mistari mitupu, za kujaza. Nilidhani wamezitia ili kitabu kionekane kinene.

Kumbe kitabu chenyewe ni hizo kurasa.

Ukurasa mmoja niliujaza hivi. Una safu kadhaa: kilichotokea, wazo lililonijia, hisia na ukubwa wake kwa asilimia, ushahidi wa kuunga mkono lile wazo, ushahidi wa kulipinga. Niliandika: "Asubuhi, tumechelewa. Katupa kiatu. Nimemvuta mkono kwa nguvu, akalia. Wazo: mimi ni mama mbaya. Aibu, 90." Ushahidi wa kuunga mkono niliujaza upesi, hata nafasi haikutosha. Upande wa pili nilikaa dakika kumi nzima sijaandika neno. Mwisho nikaandika: "Nilimwomba msamaha kabla hatujatoka mlangoni. Usiku nilipata usingizi wa saa nne tu. Jana alivaa bila ugomvi." Aibu ikashuka hadi 60. Haikuisha. Ila mwenye aibu ya 60 bado anaweza kufikiri, na nilichofikiri ni kwamba viatu tuvitafute usiku.

Zoezi hilo mwandishi hakulitoa hewani. Limetokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ambaye miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, walikuwa na mawazo mafupi yanayowapita mbio kichwani, nao wanayaamini bila kuyahoji. Likiwa kichwani wazo linakuendesha. Likiwa kwenye karatasi unaweza kuligeuza ukalitazama.

Sehemu ya malezi utaicheka kwa udogo wa mambo yake. Dakika kumi kila siku unakaa sakafuni na mtoto, yeye ndiye anaongoza mchezo, wewe huulizi maswali, husahihishi. Jaribu uone ilivyo kazi! Mimi dakika ya pili nilikuwa nimeshaanza kumfundisha rangi. Lingine ni kumsifu kwa kitu chenyewe alichofanya: badala ya "mtoto mzuri," unamwambia "umekusanya magari yote mwenyewe." Hilo lilishika. Chati ya nyota za kubandika ukutani ilinishinda wiki ya pili, wala sijuti. Vingi vya vitabu hivi naona vimeandikiwa nyumba yenye wazazi wawili waliolala vizuri. Chukua kinachokufaa, kingine kiache.

Ila peke yako utakiacha chote. Watafiti wa vitabu hivi wameona mara nyingi kwamba vinasaidia zaidi msomaji akiwa na mtu wa kumfuatilia, hata kwa simu fupi. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wake wa kujisaidia kwenye msongo, wenye kijitabu cha picha. Ulipojaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda, hawakugawiwa kijitabu wakasome kila mtu kwake. Walikutana kwa makundi mara tano, wakasikiliza rekodi pamoja na kufanya mazoezi. Miezi mitatu baadaye walikuwa na nafuu kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kama siku zinapita hulali hata mtoto akilala, kama huoni sababu ya kuamka, au linakujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, weka kitabu chini. Mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyohiyo, akupeleke kwa daktari. Unipigie na mimi, saa yoyote, hata kama huku ni usiku.

Kurasa za mwanzo zimejaa mwandiko wangu. Nimefuta kiasi, kwingine nimeacha. Wa 41 usimwoneshe Mama, nimemwandika yeye. Anza na ule wa mawazo, mmoja tu kwa wiki. Jumamosi nitapiga, na sitakuuliza umesoma mpaka wapi. Nitakuuliza umeandika nini, na kama hujaandika, tutaujaza pamoja kwenye simu.

Mbusu mwanao.

Dada yako