Kabla hujanunua kopo la amino: maneno kwa mama anayekoma hedhi

Jumamosi iliyopita, kaunta ya duka letu sijamaliza hata kuifuta, aliingia mama mmoja na mfuko wa kitenge. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hiki." Akatoa kopo la unga wa amino, vile vipande vinavyojenga protini, limeshaliwa nusu. Alilinunua kwa mtu wa mtandaoni aliyemwambia kuwa linakata kitambi cha wanawake waliokoma hedhi. Wiki sita amekunywa. Kitambi hakijaenda popote, na sasa akipanda ngazi za kwake miguu inamtetemeka.

Nikamuuliza anakula nini. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana wali na mchuzi wa samaki, ila kile kipande chenyewe humpa mjukuu. Na usiku? "Usiku sili. Nakunywa hiki."

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Kila wiki hapa Ngamiani, Tanga, naulizwa kuhusu amino na kina mama wa umri huo, na wengi wameambiwa mambo ambayo kopo haliwezi kuyafanya.

Tuanze na mwili wenyewe. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na tunasema mtu amekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila kuona siku zake. Kinachopungua ni homoni ya estrojeni, na watu wengi wanaijua kwa lile joto la ghafla na usingizi wa mang'amung'amu. Lakini estrojeni ilikuwa na kazi nyingine za kimya kimya. Ikipungua, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani huanza kuhamia tumboni, hadi ndani kuzunguka viungo. Mwili huanza kuwa mzito kuitikia insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu. Kolesteroli mbaya hupanda. Mifupa hupoteza madini, na misuli, ambayo tayari ilikuwa ikipungua kwa umri, hupungua zaidi.

Hiyo misuli ndiyo nataka tuishike. Ukishakula ugali au wali, sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu huhifadhiwa kwenye misuli. Misuli ni ghala. Ghala likiwa dogo, sukari hubaki inazunguka kwenye damu. Ndiyo maana mama anaweza kula chakula kilekile alichokula akiwa na miaka 35, na sasa sukari ikampanda. Si uvivu wala uroho wake, na ninakasirika sana nikisikia kina mama wakiambiwa hivyo.

Sasa amino. Protini yoyote unayokula huvunjwavunjwa tumboni ikawa asidi amino, na mwili hutumia aina 20 kujijenga. Kati ya hizo kuna 9 ambazo hauwezi kuzitengeneza wenyewe, lazima zitoke kwenye chakula. Kopo la yule mama lilikuwa na 3 tu: leusini, isoleusini na valini. Leusini ni kweli ina kazi ya pekee, ndiyo inayouamsha mwili uanze kujenga misuli. Ichukulie kama mtu anayepiga mbiu ya msaragambo kijijini. Mbiu ikilia watu wanakuja, lakini wakifika wakakuta tofali hazipo, watajenga na nini? Zile amino 6 zilizobaki mwili utazitafuta, na usipozipata kwenye chakula utazibomoa kutoka kwenye misuli uliyo nayo. Mama aliyeacha chakula cha usiku akanywa unga wa amino 3 alikuwa anapiga mbiu kila siku huku akibomoa ukuta wake mwenyewe.

Kuna jambo jingine kwa wenye sukari ya juu au ambao wazazi wao wana kisukari. Watu ambao mwili wao hauitikii insulini vizuri mara nyingi huwa na hizo amino 3 nyingi kwenye damu. Utafiti wa Framingham huko Marekani, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa watu waliokuwa nazo nyingi, pamoja na nyingine 2, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari miaka ya mbele. Hilo halithibitishi kwamba kopo linaleta kisukari. Linanitosha, hata hivyo, nisimuuzie mtu wa namna hiyo kopo la amino 3 kwa ahadi ya kushusha sukari.

Kopo lenye amino zote 9 lina mahali pake. Mama anayetoka kuugua na hamu ya kula haijarudi, mwenye meno mabovu asiyeweza nyama, au anayefanya mazoezi ya uzito na chakula hakimtoshelezi, hao linaweza kuwasaidia. Unga wa kolajeni ni jambo tofauti: hauna kabisa amino moja kati ya zile 9, triptofani, kwa hiyo usiuhesabu kama mlo wa protini.

Kwa watu wazima wanaoelekea uzeeni, wataalamu wa lishe wengi hushauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 70 anahitaji basi gramu 70 hadi 84. Mayai 2 yana kama gramu 12. Kipande cha samaki cha gramu 100, hawa wa soko la Deep Sea, gramu 20 hivi. Kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Glasi ya mtindi 8. Umeshafika 55, na ugali, karanga na mboga bado hujahesabu. Na makande nayo msiyadharau: mahindi yana upungufu wa amino iitwayo lisini, maharage yanayo tele, maharage yamepungukiwa methionini, mahindi yanaifidia. Gawa protini kwenye milo yote mitatu, usiilundike mchana. Na kile kipande cha samaki, mama, mgawie mjukuu nusu.

Chakula peke yake hakijengi misuli isiyofanyishwa kazi. Chukua dumu la lita 5, lijaze maji, hizo ni kilo 5. Likumbatie kifuani, kaa kwenye kiti, simama, kaa, mara 10. Pumzika, rudia. Siku 2 au 3 kwa wiki, ukizidisha taratibu. Magoti yakiuma anza bila dumu.

Kuna watu ambao sitawauzia amino ya aina yoyote kabla hawajaonana na daktari. Mwenye ugonjwa wa figo ni wa kwanza. Mwenye dawa za Parkinson, kwa sababu amino hugombania njia na levodopa, dawa ya ugonjwa huo. Anayetumia dawa za sonona asichanganye na triptofani. Na arginini, amino nyingine inayouzwa kwa ajili ya "kufungua mishipa", inaweza kuishusha presha kupita kiasi kwa anayemeza dawa za presha. Mwaka 2006 utafiti mmoja wa Marekani kwa watu waliotoka kupata mshtuko wa moyo ulisimamishwa baada ya wagonjwa 6 waliopewa arginini kufariki, huku kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia, hakufariki hata mmoja.

Ukija dukani tutaanza na vipimo: uzito, presha, mzunguko wa kiuno na sukari kabla ya kula. Kiuno kikizidi sentimita 80 tunakaa tuzungumze. Sukari ikifika 7.0 (mmol/L) asubuhi ukiwa hujala kitu, tunakuandikia uende hospitali wakarudie kipimo. Na kama umekoma hedhi mwaka mzima kisha ukaona damu, hata tone, usije kwetu, nenda moja kwa moja kwa daktari.

Tuletee dawa zote unazomeza na orodha ya ulichokula siku 3 zilizopita, andika kweli, hatumsemi mtu. Kupima sukari ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kabla hujanywa chai. Kopo lako njoo nalo hata kama hukulinunua kwetu. Kusomewa lebo ni bure.