Mikataba ya msimu wa korosho

Mhariri,

Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamefungua mlango uliokuwa umebana. Mkataba wa muda maalumu, ambao awali ulihusu wanataaluma na mameneja, sasa unaruhusiwa pia kwa kazi za msimu. Kwa wenye maghala na viwanda vya kubangua korosho hapa Mtwara, hiyo ni nafuu kubwa, ila si ruhusa ya kuajiri kwa mdomo.

Andika tarehe ya kuanza, ya kumaliza, kazi, saa na malipo. Nakala itunzwe miaka 5 baada ya kibarua kuondoka. Ukikosa nakala, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wako mwajiri.

Kosa kubwa huja mwishoni: mkataba umeisha, mzigo bado upo, watu wanaendelea kupanga magunia. Hapo mkataba unaweza kuhesabika umejihuisha wenyewe, na kumwondoa mtu ghafla kunakupeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi. Ana siku 30 za kulalamika. Ongeza muda kwa maandishi kabla haujaisha.

Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa. Chai na maandazi havihesabiki kuwa malipo hayo.

Msomaji, Mtwara