Barua ya wazi kwa wanangu wa Shakahola

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliotolewa hai katika msitu wa Shakahola, kule ambako waumini wengi wa kanisa moja walifunga kula hadi kufa, na nyinyi mliokuja Malindi kutafuta watu wenu, mkawapata wamekufa au msiwapate kabisa. Mimi ni bibi wa Shela, hapa Malindi, na nimekaa matanga mengi kuliko harusi. Nikizidisha maneno, mnistahimili.

Nimesikia baadhi yenu mkisema, "Bibi, nilikuwa nimepona, sasa nimerudi kulekule." Kauli hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Hamkurudi kulekule. Aliyelala usingizi mzuri miezi mitatu, kisha akashtuka usiku mmoja moyo ukimwenda mbio, ile miezi mitatu bado ni yake. Kiwewe hakitoki kwa mkupuo mmoja. Hupungua, kikakaa, kikaja tena bila hodi, na mara nyingi kina sababu yake ukikitazama vizuri.

Angalieni kalenda. Makaburi yalianza kufukuliwa tarehe 21 Aprili 2023, na Aprili ndiyo masika yetu. Kila mvua zinapoanza na udongo ukanukia, wapo watakaokosa hamu ya kula bila kujua kwa nini. Mwili unajua. Halafu Agosti 2025 zikaja habari za Kwa Binzaro, kijiji kingine cha huku kwetu Kilifi, makaburi mengine, redio ikarudia maneno yaleyale. Waliokuwa wameanza kucheka wakanyamaza. Ningeshangaa kama wasingenyamaza. Siku kama hizo jipangieni mapema: mtu wa kukaa naye, kazi nyepesi, redio izimwe.

Wanaowalemea zaidi, nadhani, ni sisi majirani. Msiba wetu una hesabu: watu wanakaa, wanakula, wanalia, matanga yanaanuliwa, kila mtu anarudi kwake. Hesabu hiyo haiwafai nyinyi. Mtaanuaje matanga ya mtu ambaye hamjamzika? Familia za kwanza zilikabidhiwa maiti Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, ilhali miili iliyofukuliwa ilipita mia nne na iliyotambuliwa kwa DNA ilikuwa michache. Kwa hiyo anayewaambia "bado tu mnalia?" mwacheni apite. Hata aliyezika msimhimize. Wapo waliokuwa wakavu siku ya mazishi, machozi yakawatoka baada ya mwaka, sokoni, mbele ya fungu la mchicha.

Jambo la dini nitaligusa kwa uangalifu. Mtu aliyeumizwa kwa kufunga na kuomba, ukimwambia tu "funga, omba, yataisha", unamtonesha palepale. Mimi naswali na sitaacha, lakini simlazimishi mtu. Atakayetaka kurudi kanisani atarudi kwa miguu yake. Asiyetaka, apewe chai.

Waliookolewa msituni hawakupewa sahani nzima siku ya kwanza. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu, ukiushindilia chakula ghafla, unaweza kufa. Madaktari huanza kidogo kidogo, wakipima. Na kusimulia yaliyowapata kuwe hivyohivyo. Msimruhusu mwandishi wa habari wala shangazi mwenye hamu ya kujua awatoe yote kwa kikao kimoja. Semeni kiasi mnachoweza kulala nacho.

Lakini msinyamaze kabisa, na msinyamazishe moyo kwa tembo la mnazi au kutafuna muguka. Pombe inakuangusha usingizini, kisha inakuamsha saa tisa za usiku na ndoto mbaya zaidi. Ikiwa ndoto, kushtuka na kukwepa watu vimezidi mwezi na kazi haifanyiki, nendeni kwa mshauri nasaha. Msalaba Mwekundu wana namba ya bure, 1199.

Aliyefikiria kujitoa uhai namwambia peke yake: sema leo, kwa mtu yeyote. Najua mnaogopa polisi. Juni 2023, waokolewa 65 walipelekwa mahakama ya Shanzu wakidaiwa kujaribu kujiua kwa sababu walikataa kula. Niliona uchungu, mgonjwa kusimamishwa kizimbani. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume na katiba. Basi hofu hiyo isiwafunge mdomo.

Na nyinyi mnaongoja majibu ya DNA, msione haya kwenda kuuliza tena. Mkiambiwa bado, siku hiyo itakuwa mbaya, na pengine ya kesho yake pia. Msiende peke yenu. Asiye na wa kumsindikiza aje Shela aulize nyumba ya Bibi; miguu yangu ni mizito, lakini hadi hospitali nafika.

Ni mimi, bibi yenu,
Shela, Malindi