Wenye maduka ya laptopu, tupeni saa moja tujaribu mashine kabla hatujalipa

Mhariri,

Naandika kuhusu hizi laptopu nzito za kazi ambazo siku hizi zimejaa maduka ya Kisumu na Nakuru, zile watu wanaziita waksteshoni, Dell Precision, HP ZBook, Lenovo ThinkPad za P na wenzao. Ombi langu kwa wenye maduka ni moja tu: mteja anayenunua mashine ya kazi apewe saa moja pale dukani aijaribu na kazi yake mwenyewe kabla hajatoa pesa. Sio dakika tano za kuwasha na kufungua video. Saa nzima, mashine iko kwa chaja, faili ni zake na programu ni ile anatumia kila siku.

Mimi kazi yangu ni ramani. Tunachukua picha za droni za uwanda wa Kano, huko Ahero na Nyando kwenye mafuriko hayaishi, mamia ya picha kwa shamba moja ama mtaro mmoja, halafu kompyuta inaziunganisha ziwe ramani moja yenye vipimo na inaonyesha maji yatapita wapi. Hiyo kazi inaweza kula usiku mzima na mashine haipumziki hata kidogo. Wachoraji wa nyumba wako hivyo hivyo, na mainjinia wa barabara, na vijana wanaohariri video za harusi. Sote tunakimbilia hizi za mitumba kutoka ng'ambo manake mpya bei yake si ya mtu anayeanza, na kusema ukweli nyingi ni mashine nzuri sana, zimetengenezwa ziwe ngumu, unazifungua na bisibisi ya kawaida, unaongeza RAM, yaani kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi, unabadilisha diski. ThinkPad P50 kwa mfano, iliyotoka 2015, ina nafasi nne za RAM na inabeba hadi gigabaiti 64. Kwa hivyo sisemi watu waache kuzinunua, nasema wauziwe vizuri.

Shida ni vile zinauzwa. Ukiuliza mashine iko aje unaambiwa Core i7, RAM 16, SSD 512, basi, hiyo ndiyo sifa yote. Lakini i7 ni jina la prosesa tu, ule ubongo wa kompyuta, na i7 na i7 hazilingani hata kidogo. Chukua i7-6600U na i7-6820HQ, zote ni za kizazi kimoja na stika ni ile ile, lakini ya kwanza ina koo mbili tu (core, zile sehemu za prosesa zinazopiga hesabu) na imetengenezwa itumie wati 15, ya pili ina koo nne na inatumia wati 45. Ile herufi ya mwisho ndiyo inakuambia kila kitu, U ni ya laptopu nyembamba ya ofisi, H ama HQ ni ya kazi nzito. Fundi anayepiga hesabu za madaraja akinunua ya U kwa sababu ameambiwa ni i7, ataumia kila siku na hatajua ni kwa nini.

Halafu kuna hii ya prosesa ya Xeon. Unaambiwa hii ni Xeon, ni ya seva, ongeza pesa. Sasa Xeon E3-1505M v5 iliyo kwa baadhi ya hizo P50 ina koo nne kama tu i7-6820HQ na mwendo wao unapishana kidogo sana, moja inafika gigahezi 3.7 na nyingine 3.6. Faida yake ya kweli ni kwamba inakubali RAM aina ya ECC, ile inayojirekebisha data ikikosewa kidogo ndani ya kumbukumbu, kitu cha maana kama hesabu yako inaenda masaa mengi. Lakini hebu fungua mfuniko uangalie, mara nyingi ndani utapata RAM za kawaida, na hapo hiyo faida haipo tena, na wewe umeshalipia.

Na kwa nini nasema saa moja? Manake ugonjwa mkubwa wa hizi mashine ni joto, na joto halionekani dakika ya kwanza. Ukianzisha kazi ya kuunganisha picha, fungua ile dirisha ya Task Manager ukae ukiangalia mwendo wa prosesa. Mwanzo inaruka gigahezi tatu na kitu, unafurahi. Feni zinaanza kupiga kelele, sehemu ya juu ya kibodi inaanza kuwaka chini ya vidole, halafu baada ya kama robo saa hivi unaona nambari zinashuka, mbili na nusu, mbili, na kama feni imejaa vumbi ama ile grisi ya joto juu ya prosesa imekauka inaweza kushuka hadi moja na kitu na ibaki hapo hapo. Mashine haijaharibika, inajilinda tu, prosesa ikikaribia digrii 100 inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Lakini wewe uliyelipia tatu umepata moja, na kwa zile dakika tano za dukani usingejua.

Na hapa wasomaji wa Kisumu waniskize vizuri. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, asubuhi kuna baridi, mashine ikijaribiwa huko saa mbili asubuhi inapumua vizuri kabisa. Kisumu tuko chini kando ya ziwa, kama mita 1,100 na kitu, mchana joto linafika digrii 30 ama linapita, na hewa ambayo feni inavuta ndiyo hiyo hiyo, kwa hivyo kile kimeongezeka nje kinaongezeka na ndani. Laptopu iliyopita mtihani Nakuru asubuhi inaweza kufeli hapa mtaani Kondele saa nane mchana chini ya mabati. Kwa hivyo ukinunua huko juu na utafanyia kazi huku chini, acha nafasi, kama Nakuru inacheza kwa digrii 95 tayari, huku itashusha mwendo.

Hata pikipiki ya boda mtu hanunui bila kuipandisha kilima cha Riat na abiria nyuma, sasa mbona mashine ambayo ndiyo inalisha mtu na ofisi yake anainunua kwa kuiangalia tu.

Kadi ya grafiki nayo inategemea kazi yako, hapa watu wanapotezwa sana. Quadro ya NVIDIA inakuja na draiva, zile programu za kuiendesha kadi, ambazo zimejaribiwa na kupewa cheti kwa programu kama SolidWorks na nyinginezo za uchoraji, kwa hivyo kama unachora mashine na mifano mizito, cheti hicho kina maana, michoro haikatiki katikati ya kazi. Lakini mtu wa AutoCAD ya ramani za nyumba za kawaida hahitaji kuuza ng'ombe juu ya kadi, manake AutoCAD sehemu kubwa inategemea koo moja ya prosesa, anahitaji mwendo wa juu wa hiyo koo moja na SSD nzuri. Sisi wa droni ndio kadi inatusaidia, Agisoft Metashape, programu ya kuunganisha picha, inatumia kadi kulinganisha picha na kupima umbali, na hapo RAM ndiyo inakuwa shingo ya chupa, gigabaiti 16 kwa mradi wa picha nyingi utakwama, mimi siwezi kumshauri mtu chini ya 32. Mwenye duka akimuuliza mteja tu "unafanya kazi gani" kabla ya kuuliza "una ngapi", nusu ya haya malalamiko yangeisha.

Chaja. Hii naomba ichukuliwe kwa uzito. ThinkPad P50 inakuja na chaja ya wati 170, ZBook 15 ya kizazi cha tatu wati 150, Precision 5510 wati 130, na zile mpya zenye kadi kubwa zinafika 230. Nimeona zikiuzwa na chaja ya wati 65 ama 90 kwa sababu ile ya asili ilipotea njiani, na mashine inawaka vizuri tu, taa ya chaji inaonekana, mteja anaenda nyumbani. Zingine kama Dell zinakupa ujumbe kwamba chaja ni ndogo, watu wanabonyeza unatoka. Kumbe mashine imejipunguza nguvu na hata ukiipa kazi nzito betri inaisha ikiwa kwa stima. Wale wa kutumia inverta ya gari mkiwa shambani pia mwangalie, zile ndogo za wati 150 za kuchomeka kwa kiberiti cha gari haziwezi kulisha mashine inayotaka 170.

Betri ni rahisi kukagua. Fungua ile dirisha nyeusi ya amri, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea ripoti yenye nambari mbili, uwezo betri ilikuwa nao ikitoka kiwandani na uwezo iliyonao leo. Kama ya leo ni nusu ya ile ya kwanza, hiyo betri hesabu umenunua nyingine, na bei ishuke kulingana na hiyo. Na stima ya huku kwetu tunaijua, inaweza kwenda katikati ya kazi, betri mbovu inamaanisha masaa sita ya hesabu yamepotea na unaanza upya. Skrini itoe nje ya duka uiangalie kwa jua kama wewe ni mtu wa shamba, yenye mwanga wa niti 250 huoni kitu. Na usiondoke kabla ya kuwasha upya na kuingia kwenye bayosi (BIOS, ile mipangilio ya ndani kabla Windows haijafunguka), ikiitisha paswadi ambayo muuzaji hana, achana nayo hata kama ni bei ya kutupa, inaweza kuwa bado imefungwa na kampuni iliyokuwa inaimiliki.

Kuna hii pia ya Windows. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana. Hiyo P50 niliyoisifu hapo juu ni kizazi cha sita. Bado inafanya kazi, na mtu wa QGIS, programu ya ramani, anaweza kuweka Linux badala ya Windows akaendelea vizuri kabisa, lakini anayeshika faili za wateja, hati za ardhi za watu, aambiwe wazi kabla ya kulipa. P52 ya 2018 ina prosesa za kizazi cha nane, hiyo inakubaliwa, na mimi leo mtu akiniuliza namwambia aongeze pesa aanzie hapo.

Najua wenye maduka watasema wateja ni wengi na saa moja ni nyingi. Lakini mashine ikijaribu kazi haihitaji mtu wa duka asimame hapo, inahitaji meza na soketi, mteja aache kitambulisho chake kaunta akae. Na kuna sheria pia, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayotaka kifaa kifanye na akategemea ujuzi wake, kifaa kinapaswa kuifaa hiyo kazi. Kwa hivyo wanunuzi wenzangu, ambieni risiti iandikwe, "laptopu ya kuchakata picha za droni" ama "ya kuchora nyumba", pamoja na namba kamili ya prosesa, ukubwa wa RAM na wati za chaja. Siyo tu "laptopu i7".

Vyuo na ofisi za kaunti zinazonunua kwa zabuni nazo zifanye hivyo hivyo, zabuni iseme prosesa ya herufi gani, chaja ya wati ngapi, na mashine moja ijaribiwe kwa kazi halisi mchana kabla ya kupokea zile zingine. Na duka litakaloweka hiyo meza na hiyo soketi hapa Kisumu, sisi wa ramani tutaanzia hapo na wateja wengine tutawaelekeza hapo.

Mchora ramani,
Kisumu